Dresa Aliyeogopa Homa Ikishuka

Nilifanya kazi na Mzee Dresa miaka mitatu na nusu, na sidhani ilipita wiki moja bila kutamani kumfungia stoo na kuondoka na ufunguo. Hakuwa mvivu, mvivu ningemzoea. Tatizo lake ni kwamba hakukubali mgonjwa yeyote amepona. Daktari aseme, kipimajoto kiseme, mgonjwa mwenyewe asimame kando ya kitanda viatu miguuni, Mzee angemzunguka, amtazame mgongo, atikise kichwa na kutoa neno lake la Kiarabu cha Juba: "Lisa." Maana yake, bado.

"Bado nini, Mzee?" ningemuuliza. "Homa imeshuka tangu juzi."

"Ndiyo hiyo mimi naogopa," angesema. "Homa iko juu, mimi najua mwili iko napigana. Homa imeshuka, mimi hapana jua kama imeshinda ama imechoka."

Dresa ni mtu wa kusafisha na kufunga vidonda. Nilikotoka Kitale cheo hicho kilikuwa kimekufa zamani. Nilikisikia kwa mama yangu tu. Lakini Juba, mwaka wa pili wa amani, hospitali yetu ndogo yenye paa la mabati ilishika kila mkono uliojua kushika. Mkono wa Mzee ulifunzwa msituni wakati wa vita, kisha katika zahanati za wakimbizi kaskazini mwa Uganda, ambako alichukua pia Kiswahili chake. Mimi nilikuja na stashahada ya uuguzi, viatu vyeupe na ratiba niliyoichora kwa rula. Nilipewa wadi ya majeruhi niiongoze. Mzee nilipewa pamoja na wadi, kama vile mtu anavyopanga nyumba akakuta ina paka.

Alinusa vidonda. Hilo lilinichukiza kuliko yote. Angeinama mpaka ncha ya pua ibaki inchi moja tu na nyama, afumbe macho, avute pumzi. Nilimwambia si jambo la hospitali. Akaniambia kidonda hakijui kama kiko hospitali. Kabla ya kunusa alinawa, baada ya kunusa alinawa, na maji yetu yalikuja kwa lori kutoka mtoni, yakawekwa kwenye mapipa kwa kipimo. Kufika saa sita mchana pipa la wadi yangu lilikuwa limekauka, na sababu ilikuwa mtu mmoja. Nilipolalamika alinionyesha viganja vyake, vimepasuka kama udongo wa kiangazi. "Wewe naona hii? Hii ndiyo cheti yangu." Halafu mtu huyohuyo, aliyeweza kumfukuza mke wa mgonjwa kwa kugusa bandeji, alikunywa yale maji ya lori bila kuchemsha, kwa kikombe kilekile cha bati ambacho fundi wa jenereta alikinywea, na akavuta sigara ukutani nyuma ya maabara huku akikohoa.

Kuna siku ofisa mmoja wa jeshi alituma gari kutoka kambi ya Bilpam limchukue askari wake. Kijana alikuwa amepasuliwa tumbo, akapata sepsisi, yaani maambukizi yale yanayotoka kwenye kidonda yakaenea mwili mzima, mpaka shinikizo la damu likaanguka na akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Tulimvuta kutoka huko kwa dripu na dawa. Siku ya nane alikuwa anacheka. Karatasi za kumruhusu nilikuwa nimeshaandika, dereva anangoja, ila askari hakuwa na suruali. Tulitafuta chini ya vitanda, tukatafuta kwa dobi. Nilimkuta Mzee ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anakata vitambaa vya kufungia vidonda, uso mtulivu.

"Mzee, simama."

"Mimi nachoka mguu."

"Suruali ya askari iko kwenye hiyo ndoo."

"Askari ya jeshi hapana weza toka bila suruali," akasema. "Hiyo ni sheria yao, si yangu."

Gari lilirudi tupu. Nilimwandikia Mzee barua ya onyo, akaniomba nimsomee, akanishukuru, akaikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikitikisika. Askari alikaa siku nane zaidi, akarudi kambini salama. Jambo hilo halikunifundisha kitu. Nilisema angekuwa salama vilevile.

Alikuwa na daftari lake la maelezo ya wagonjwa, ambalo lilistahili barua ya onyo peke yake. Mimi nilitaka joto, mapigo ya moyo, pumzi kwa dakika, mkojo. Pumzi alihesabu kweli, kiganja kimetulia mgongoni mwa mgonjwa huku akijifanya anapiga porojo. Mengine hakuyajali. Badala yake aliandika kwa herufi kubwa mambo kama: LEO HAPANA ULIZA MTOTO YAKE. Au: KISRA NUSU. KESHO NUSU YA NUSU. Kisra ni mkate wao mwembamba wa mtama, na nusu ni kiasi alichokula mgonjwa. Nilikata maandishi hayo kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Haya si maelezo." Alikuwa akiisoma kalamu yangu nyekundu kwa makini, kisha anaendelea vilevile.

Na Kiswahili chake! Kila kitu "iko," kila kitu "hii." Mimi nilinyamaza kwa heshima ya umri. Aliyekataa kunyamaza alikuwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, aliyekulia ukimbizini Kenya na kurudi na mumewe baada ya amani. Walijenga mtaa wa New Site. Mume alikuwa seremala, yeye akifundisha shule ya msingi hapo karibu. Gari aina ya pikapu lilimgonga akivuka barabara asubuhi, mfupa wa goti kwenda chini ukavunjika na kutoka nje, ukaingia vumbi na changarawe. Daktari wetu, Mganda mpole aliyegawa wiki zake kati yetu na zahanati ya mbali nje ya mji, alimsafisha na kumfunga mfupa. Siku ya tatu sepsisi ikampanda. Homa ilimtikisa mpaka kitanda kikalia. Tulimweka kwenye kile chumba kidogo mwisho wa korido, peke yake, na siku nne hatukujua. Siku ya saba aliamka, joto limeshuka, akaomba uji.

Mzee alikuwa akimfunga kidonda. Akasema, "Mama, mimi iko hapa, wewe hapana ogopa."

Mwalimu, sauti kama ya mtu aliye ndani ya kisima, akamwambia, "Mimi niko. Si mimi iko. Mimi niko hapa."

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yao. Mzee anakosea, nusu kwa kujua na nusu kwa kipaji, Mwalimu anamrekebisha. "Kiti yangu." "Kiti changu, Mzee." "Kidole yako." "Chako! Unataka nifie hapa?" Nilisikia kicheko kikitoka kwenye kile chumba na nikaona sawa, huyu amepona, kwa sababu nilikuwa na wagonjwa wawili waliolala sakafuni na mama mmoja aliyetoka kupasuliwa asiye na pa kulala.

Nilimwambia Mzee namhamishia Mwalimu wadi kubwa.

"Lisa," akasema.

"Mzee, siku tatu hana homa. Anacheka. Anakula."

"Ile wadi iko na mama nakohoa kushoto, na mama nakohoa kulia. Hii mama ndani imechoka. Mlinzi yake imepigana siku saba, sasa imelala. Mwizi mdogo tu nakuja, naingia."

"Na huyu aliyetoka kupasuliwa nimlaze wapi? Juu ya kichwa changu?"

Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona amebanwa. Alikwenda kuketi mlangoni mwa kile chumba, kwenye kiti, na ikabidi nimwambie mbele ya wote kwamba asiponipisha nitamwita msimamizi. Aliinuka polepole. Kitanda cha Mwalimu nilikisukuma mwenyewe.

Siku ya tatu wadi kubwa, nilifungua daftari la Mzee, nikakuta: LEO MWALIMU HAPANA KATAA KISWAHILI YANGU. MIMI NASEMA KITI YANGU MARA TATU.

Nilicheka. Nilichukua kalamu nyekundu. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa taratibu, nikaenda na kipimajoto. Joto thelathini na sita na kidogo. Pumzi zake sikuhesabu. Niliona kifua kinapanda na kushuka, nikatosheka. Nilimuuliza kama ana maumivu. Akasema hapana, amechoka tu, anataka kulala. Alinitazama kama mtu anayekumbuka sura lakini si jina.

Mzee alinifuata mpaka dawati. "Sista, pigia daktari simu. Naomba wewe."

"Nimwambie nini? Kwamba mgonjwa hajarekebisha sarufi?"

"Mwambie mtu imebadilika."

"Daktari ana foleni ya watu wenye homa za kweli, Mzee. Huyu hana homa."

"Homa naogopesha kidogo," akasema. Aliongea taratibu, kama anavyoongea mtu na mtoto wa mwenzake. "Mtu mgonjwa hapana homa, hii naogopesha sana."

Sikupiga simu. Asubuhi Mwalimu alikuwa anahema kwa mabega, midomo ya rangi ya majivu, na joto lake lilikuwa limeshuka zaidi. Ilikuwa nimonia, pande zote mbili. Hapo ndipo nilipopiga simu, tukamwekea oksijeni, tukabadilisha dawa, daktari akafika akiwa na matope mpaka magotini. Mwalimu alifariki kesho yake alasiri, mumewe ameshika ule mguu usiovunjika kwa mikono miwili.

Katika kikao msimamizi aliuliza kama kuna lililoonekana mapema. Nilimtazama Mzee. Nilijiandaa, nilikuwa hata nimepanga majibu, kuhusu vitanda, kuhusu wagonjwa wa sakafuni. Mzee alikuna kiganja chake na kusema, "Hii mama ilikuwa mgonjwa sana kutoka mwanzo." Basi. Daftari lake hakulileta. Kikao kikafungwa. Na mimi, niliyeweza kuandika barua ya onyo kwa ajili ya suruali, sikufungua mdomo.

Nilimkasirikia kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Angesema, ningejitetea, ningeshindwa, ingekwisha.

Daktari ndiye aliyenieleza, siku chache baadaye, tukinywa chai ya tangawizi uani. Nilimuuliza kana kwamba nauliza tu kwa mazoea. Akasema kinga ya mwili ina kikosi cha kwanza, chembe nyeupe za damu ambazo hazingoji kufundishwa adui ni nani, zinamvamia yeyote. Jeraha kubwa likitokea, au sepsisi, zinatoka zote kwa pamoja na kwa fujo. Baada ya hapo zinalegea. Ukizihesabu unaweza kukuta ni nyingi, hata kupita kawaida, lakini mwili umezitoa mifupani zikiwa changa, hazifiki haraka panapohitajika, na zikifika hazimezi wala haziui kama inavyopaswa. Nyingine, ambazo kazi yake ni kupiga yowe ili homa ipande na wenzao waje, zinanyamaza.

"Kwa hiyo mgonjwa anapita shimo la kwanza," akasema, "unashangilia, kumbe yuko ukingoni mwa la pili. Kijidudu ambacho wewe na mimi tungekipiga chafya tu kinamuua. Na homa usiitegemee ikwambie, kwa sababu wa kuiwasha ndio waliochoka."

"Mzee Dresa anajua hayo?"

Daktari alicheka. "Mzee Dresa alinifundisha kuyaangalia. Mimi niliyasoma tu."

Ungedhani baada ya hapo niligeuka kuwa mwanafunzi wake. La. Nilibadilisha taratibu, ni kweli: aliyetoka kwenye sepsisi hakulazwa tena jirani na anayekohoa, na pumzi zilihesabiwa kwa saa, homa iwepo isiwepo. Kalamu nyekundu niliitupa. Lakini tuliendelea kugombana kuhusu maji, kuhusu sigara, kuhusu kunusa. Hakuwahi kuninyooshea kidole kwa Mwalimu, hata tulipokuwa tunazozana hadi mishipa ya shingo inatutoka, na kila mara asiponinyooshea nilizidi kupandwa na hasira. Kisha ikaja amri kwamba wasio na vyeti waondoke wadini. Orodha niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Aliondoka na kikombe chake cha bati.

Miezi minane baadaye, wiki ambayo nilikuwa narudi Kenya moja kwa moja, nilikwenda kumtafuta mtaani kwake, Gudele. Mji wote ulikuwa unazungumzia kura ya kujitenga iliyokaribia. Hata mwenye pikipiki aliyenibeba alinihubiria njia nzima. Nilimkuta Mzee uani, ameketi kwenye kitanda cha kamba, anamenya karanga. Alikuwa amekonda. Hakushangaa.

"Wewe imekonda, Sista," akaniambia kabla sijatamka.

Tulikunywa chai. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu hospitali, nikayasahau yote, nikasema tu, "Mzee, kwa nini ulinyamaza kwenye kile kikao?"

Hakuuliza kikao gani. Alipuliza maganda ya karanga kwenye kiganja.

"Mimi nasema, wao nakufukuza. Wewe narudi Kenya na hii kitu kwa kichwa, nakuwa sista mbaya huko. Ama nawacha kazi. Sasa ile wadi nani nakaa nayo? Mimi? Mimi hapana cheti." Akatafuna karanga. "Wewe nafikiri mimi nilisoma wapi habari ya homa kushuka?"

Nikasema sijui.

Akanieleza. Wakati wa vita kulikuwa na kijana aliyekanyaga bomu, mguu ukakatwa, akapata homa kali siku sita, kisha ikashuka. Kundi lao lilikuwa linahama. Kamanda alimuuliza dresa kama kijana anaweza kubebwa mwendo wa siku nne, na dresa, aliyekuwa amechoka na aliyekiona kipaji cha uso kimepoa, akasema anaweza. Siku ya pili kijana aliacha kuomba maji. Siku ya tatu alikufa machelani, kifua kimejaa, mwili baridi.

"Mama yake iko pale," Mzee akasema, akaelekeza kidevu kwenye ua wa mianzi wa jirani.

Nilidhani sijaelewa. Lakini haukupita muda mama mmoja mrefu akainama kwenye pengo la ua na bakuli la odi, ile karanga ya kusaga, akasema, "Salaam taki, Mzee," na Mzee, ambaye magoti yalikuwa yanamtesa, akainuka wima kabisa kumpokea. Waliulizana habari. Mama akanikaribisha Juba, akaenda zake.

"Anajua ni wewe?" nikanong'ona.

Akatikisa kichwa. Akaliweka lile bakuli kando yake kwa mikono miwili.

"Mimi nakwenda kwa mume wa Mwalimu," nikasema. Sikujua kama nilikuwa nimekusudia hivyo mpaka nilipojisikia. "Leo hii."

Hapo ndipo alipokasirika, mara ya kwanza kumwona amekasirika kweli. "Wacha yule bwana! Hasira yake iko na pahali imekaa. Wewe naenda kuchokoza kwa sababu gani?"

Sikumwelewa, na nilikuwa nimeshachoka kutomwelewa. Nilisimamisha pikipiki.

Seremala alikuwa kwenye kibanda chake, anapiga randa ubao wa dawati la shule. Alinikumbuka. Alifuta benchi kwa shati, nikaketi, na nikamwambia bila kuzunguka: ni mimi niliyemhamisha mke wako kwenye ile wadi, na siku moja kabla hajazidiwa niliombwa nimwite daktari, nikakataa.

Aliweka randa chini. "Lakini yule mzee alishaniambia," akasema.

"Alikuambia nini?"

"Alikuja siku ya arobaini. Akasema ni yeye aliyemhamisha, ni yeye hakuona mapema. Akasema kama nina hasira nisiipeleke hospitali, nimpe yeye hapo hapo." Alipangusa uso. "Nilimtupia nyundo, Sista. Ilimkosa kidogo tu. Hakusogea. Mwaka mzima na zaidi nikimwona sokoni nabadilisha njia."

Nilijua nilipaswa kulia. Niliwaka hasira. Hata kosa langu alikuwa amelichukua bila ruhusa, akaenda kulikalia kama ile ndoo!

"Alikudanganya," nikasema. "Yeye ndiye aliyeketi mlangoni kunizuia. Ni mimi."

"Sema tena."

Nikasema tena. Seremala alipangusa vumbi la mbao mikononi. Sikujua kama ataokota nyundo. Mwishowe aliuliza, "Anakaa wapi?"

Tulipanda pikipiki moja, dereva, yeye, na mimi nyuma kabisa. Mpaka leo sijui kama alinisamehe. Hakusema, nami sikuuliza.

Mzee alikuwa palepale kitandani. Alituona tukiingia uani wawili, akaacha karanga zianguke. Seremala alimwendea, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono na kusema, "Malesh, baba." Samahani.

Mzee hakumtazama yeye kwanza. Alinitazama mimi, kwa uchovu wa miaka mitatu na nusu.

"Sista," akasema, "wewe hapana sikia mtu kabisa."

Kisha akaushika ule mkono, akajisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, ili mwenzake apate pa kukaa.